Mlolongo wa Wangari

Mwaka jana tulipiga kura ya siri shuleni kwetu, na kura zikawa nyingi kuliko wanafunzi. Hata ungewajumlisha wapishi, mlinzi wa lango na yule paka wa maabara, hesabu isingelingana. Mwalimu Okeyo, naibu wa mwalimu mkuu, anafundisha hisabati na huiheshimu kuliko anavyotuheshimu sisi. Aliyatazama yale masanduku kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Mwaka huu akatangaza kwamba hakuna cha karatasi wala sanduku. Rais wa baraza la wanafunzi atachaguliwa kwa mlolongo. Wagombea watasimama uwanjani, na anayemtaka mgombea atapanga foleni nyuma yake, mchana kweupe, siku ya wazazi, wazazi wakiwa mashahidi.

Bweni zima lilishangilia. Mimi sikushangilia. Mimi naitwa Jebet, niko kidato cha tatu, na nina ulimi ambao mama anasema utanikosesha mume. Nilikuwa pia meneja wa kampeni ya rafiki yangu Wangari, kwa hiyo niliona jambo ambalo Mwalimu Okeyo na hisabati yake hakuliona. Kura ya siri ni wewe na Mungu wako. Mlolongo ni wewe na ukoo wako, na ukoo umeletewa viti vya plastiki ukae ukutazame.

Wangari ni binti ya Kabiru, mwenye duka la mbegu na mbolea pale senta ya Kapseret. Mzee Kabiru alitoka upande wa Nyeri, kwa Wakikuyu, akiwa kijana. Wangari alizaliwa hapa, amekulia hapa, matope ya hapa ameyakanyaga tangu utotoni, na Kinandi chake kinatosha kugombana na mwenye kuuza maziwa. Lakini jina ni jina, na shule yetu iko katikati ya mashamba ya Wanandi. Wanafunzi wenye majina kama lake unaweza kuwaketisha kwenye meza mbili za bwaloni na nafasi ikabaki.

Sasa nieleze kwa nini aligombea, maana si kwa sababu ya kupenda cheo. Tulipokuwa kidato cha pili, mvua za mwezi wa nne zilibomoa ukuta wa jiko la Kogo, yaani nyanya yangu, mama yake baba. Kogo anaishi peke yake ng'ambo ya kijito, umbali wa kutembea tu kutoka shuleni. Baba zangu wakubwa na wadogo waliupita ule ukuta kila siku wakisema wiki ijayo, wiki ijayo. Nilimlalamikia Wangari bwenini usiku mmoja, nikilalamika tu kama ninavyolalamikia kila kitu. Jumamosi iliyofuata akaomba ruhusa kwa Mwalimu Okeyo, akachukua wasichana wanne, tukaenda. Tukakanyaga udongo, tukachanganya na samadi, tukakandika ule ukuta mpaka mbuzi wakaanza kurudi zizini. Kogo alimuuliza jina lake, akalisikia, akalitia mfukoni. Kisha akampa jina alilolichagua mwenyewe: Cherono, jina la mtoto anayekuja jioni mifugo ikirudi nyumbani. Tangu siku hiyo Kogo hamwiti kwa jina jingine.

Hivyo ndivyo Klabu ya Jirani ilivyozaliwa. Kila Jumamosi mchana tunatoka na ndoo, panga na jembe, tunaenda kwa wazee wa Kapseret ambao watoto wao wako mjini au wako hapo hapo wakisema wiki ijayo. Tunachota maji, tunapasua kuni, tunapukuchua mahindi. Shuleni walituita mahausigeli wa kujitolea. Mimi nilimjibu kila aliyesema hivyo, na sitayarudia majibu hapa.

Mpinzani wa Wangari alikuwa Kiprop, na Kiprop ni binamu yangu. Mama yake ni dada wa baba yangu, yaani shangazi yangu, ambaye kwa Kinandi tunamwita senge, mtoto wa Kogo wa kumzaa. Kiprop hana ubaya. Anakimbia mbio za nyika, ana miguu mirefu na meno meupe, na akikusalimia unajisikia kama wewe pekee ndiye umesalimiwa siku hiyo. Manifesto yake ilikuwa neno moja: fanki. Kwa wale ambao shule zao zilikuwa na adabu, fanki ni shule kualikana Jumamosi, muziki ukawekwa, soda zikafunguliwa, wavulana wakasimama upande huu na wasichana upande ule wakitazamana mpaka basi lije. Kiprop aliahidi fanki kila Jumamosi.

Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mwalimu Okeyo hufungua lango kwa shughuli moja tu kila Jumamosi. Walimu wa kusindikiza ni wachache, na baraza la wanafunzi ndilo huamua shughuli hiyo ni ipi. Rais aliyekuwa akimaliza muda wake alikuwa rafiki yetu, akatuachia. Kiprop akishinda, lango ni la fanki, na Klabu ya Jirani imekwisha. Wangari alimwendea akamwomba wagawane, wiki hii fanki, wiki ijayo Jirani. Kiprop akatabasamu kwa yale meno, akasema, "Wangari, mimi nimepromise watu kila wiki. Nikianza kukata kabla sijaingia ofisi, si nitakuwa mwanasiasa?" Ndipo Wangari akaenda kuchukua fomu.

Kampeni zilianza vizuri. Halafu minong'ono ikaanza. Hakuna aliyesema neno baya, na sitaki kumsingizia mtu. Walisema tu, tuko na mtu wetu. Waliuliza tu, na siku ya wazazi itakuwaje? Kipyego, anayekimbia na Kiprop na ndiye aliyekuwa mpiga debe wake mkuu, aliniuliza bwaloni, githeri ikiwa bado mdomoni.

"Jebet, siku hiyo senge yako atakuwa hapo kwa tent. Utasimama nyuma ya nani akikucheki?"

"Nitasimama nyuma ya mtu anayejua njia ya kwenda kwa Kogo wangu. Wewe unaijua?"

"Mi sijui hata kwenu."

"Basi kula githeri yako."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake lilikuwa la kweli. Wale walioniambia gizani kwamba wako na Wangari, je, wangekuwa naye kwenye jua?

Siku chache kabla ya uchaguzi Mzee Kabiru alikuja langoni na pikapu yake ya kubebea mbolea. Wangari aliniomba niende naye. Baba yake hakushuka. Alizungumza kupitia dirisha, mikono ikiwa bado kwenye usukani.

"Toa jina lako," akamwambia.

"Baba, ni uchaguzi wa shule tu."

"Najua ni wa shule. Hata ile ingine ilianza na watu wamepanga laini." Alinitazama, nadhani akipima kama aendelee mbele yangu, kisha akaendelea. "Kura ya kuandika, sawa. Ukishindwa, ni karatasi imekushinda, unaenda kulala. Lakini kusimama mbele ya watu wote wahesabu ni wangapi wako upande wako? Mimi nilishahesabiwa, Wangari. Nilikuwa na duka nzuri kuliko hii. Nilihesabiwa asubuhi, na jioni sikuwa na duka."

Mambo ya mwaka ule wa fujo za baada ya uchaguzi wa nchi tunayasikia nyumbani kwa vipande, wazee wakinyamaza tukiingia. Hata hatukuwa tumezaliwa. Nilitazama viatu vyangu.

Wangari alisogea karibu na dirisha. Kisha akasema polepole, "Baba, nikitoa jina, si watakuwa wamenihesabu hata kabla sijasimama?"

Mzee Kabiru alifunga macho. Nilidhani atapandisha kioo aende zake. "Basi nitakuja siku hiyo," akasema. "Lakini sitaingia. Nitakuwa hapa nje, nimegeuza gari ikiangalia barabara, injini ikiwa on. Ukiona mambo imeharibika, usingoje kuambiwa. Tembea tu mpaka hapa, twende nyumbani."

Siku ya wazazi ikafika na baridi yake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya uwanja, na ndege za kwenda uwanja wa Eldoret zilipita juu yetu zikisikika bila kuonekana. Mahema yalijaa. Senge wangu alikuja amevaa suti ya kanisani, kwapani akiwa na kibuyu cha mursik kilichopambwa kwa shanga na simbi, kile kibuyu cha Kogo ambacho hakitoki ukutani ila kwa jambo kubwa. Kila mtu hapa kwetu anajua maana yake. Mkimbiaji akirudi na medali, mama humngoja na kibuyu, anyweshwe maziwa hayo ya mgando yaliyotiwa mkaa mbele ya watu. Lakini humngoja akisharudi. Senge alikuja nacho kabla mbio hazijaanza.

"Leo kijana yangu atakunywa," akawaambia wazazi waliokaa karibu naye, na wakampigia makofi.

Nyuma yake alikuja Kogo, na fimbo yake na sweta mbili. Alikuwa amehifadhi maziwa yale kwa siku nyingi, kwa sababu binti yake alimwambia mtoto wetu anagombea na lazima anywe. Nilipomsalimia, kitu cha kwanza alichoniuliza ni Cherono yuko wapi. Senge akamjibu kwa niaba yangu, "Cherono gani tena, mama? Hakuna Cherono kwa familia yetu." Kogo akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyesahau jina la mwalimu wake.

Mwalimu Okeyo alisimama katikati ya uwanja na kipaza sauti. Akaeleza kanuni kama anavyoeleza kanuni ya Pythagoras, yaani mara tatu. Filimbi ya kwanza, panga foleni. Mpaka filimbi ya pili, mtu yuko huru kuhama. Baada ya filimbi ya pili, ukihama umejifuta. Kiprop upande wa goli la juu, Wangari upande wa goli la chini. Akapuliza.

Shule yote ilienda juu.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Foleni ya Kiprop ilizunguka goli, ikashuka kando ya mahema, watu wakicheka na kupeana mikono. Niliona hata Isaiah humo, kijana wa kidato cha nne ambaye baba yake ni kinyozi karibu na duka la Kabiru, na ambaye huongea Kikuyu na Wangari wakidhani hakuna anayewasikia. Alikuwa ameinamisha kichwa akifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Sikumkasirikia. Nilimwelewa, na hilo ndilo liliniuma.

Wangari alisimama peke yake kwenye alama ya chokaa, sweta ya shule imefungwa vifungo vyote, mikono nyuma. Ndege ilikuwa imepita, na kimya kilipoingia nikaisikia ile pikapu nje ya lango, ikinguruma polepole. Yeye pia aliisikia. Niliona macho yake yakienda upande ule.

Nikaondoka mahali nilipokuwa.

"Jebet," Senge akaniita kutoka hemani, kwa sauti ya upole ambayo wote tunaiogopa. "Laini yetu iko huku."

"Nimeiona, Senge," nikasema.

Nikatembea. Uwanja wetu nimeuvuka mara nyingi nikichelewa darasani na sikuwahi kujua ni mpana hivyo. Nilijua mama atasikia habari kabla ya chakula cha jioni, na kwamba Krismasi Senge atanipakulia mfupa. Nikafika, nikasimama nyuma ya Wangari. Hakugeuka.

"Ni nani?" akanong'ona.

"Ni mimi. Ni nani mwingine angekuwa mjinga hivi?"

Niliona mabega yake yakishuka kidogo. Wakaja wenzetu wa klabu, Lynette akiwa wa mwisho, mmoja mmoja, wakitembea kama watu wanaokwenda kuchapwa. Tulikuwa wachache. Foleni yetu ungeweza kuifunika kwa turubai moja. Kutoka juu mtu akaita, "Mahausigeli oyee," na kicheko kikateremka uwanja mzima mpaka kwetu. Nje, pikapu iliongezwa moto kidogo. Mguu wa Wangari ukasogea kuelekea lango.

"Usitoke," nikamwambia. "Ukitoka nitakuchukia."

"Jebet, hawa watu hawatakuja."

"Basi tutasimama hivi hivi. Kwani tumekosea nani?"

Ndipo nikaona watu wa hemani wakimtazama Kogo. Alikuwa ameinuka. Senge alimshika sweta ya juu, na Kogo akafanya kitu rahisi sana: akamwachia binti yake hiyo sweta, akaendelea kuja na ile ya ndani. Alivuka uwanja kwa mwendo wake, fimbo ikitangulia, hatua ndogo ndogo, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, shule yote ikamtazama. Akaupita mstari wa kati. Akampita Mwalimu Okeyo. Akaja akasimama nyuma ya Lynette, mwisho wa foleni yetu, akiegemea fimbo.

Mwalimu Okeyo akamfuata kwa heshima. "Mama, samahani. Mzazi hapigi kura."

Kogo hajui Kiswahili cha shule, na Mwalimu Okeyo ni mtu wa Siaya asiyejua Kinandi. Kogo akajibu kwa Kinandi, nami nikatafsiri, na nikatafsiri kwa sauti ambayo ilifika mpaka jikoni.

"Anasema hajakuja kupiga kura. Anasema mtoto huyu amesimama kwake Jumamosi nyingi, mvua ikinyesha, na leo amemkuta amesimama peke yake. Anauliza, ninyi wote mlio kule juu, nani amewafundisha kumwacha mtu asimame peke yake?"

Hilo la mwisho hakuuliza hivyo hasa. Aliuliza kwa maneno makali zaidi, nami nilikuwa nikimwonea haya mwalimu mkuu aliyekaa hemani.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Na sasa nitaeleza kilichotokea, kwa sababu baadaye watu walisema ni muujiza, na haukuwa muujiza. Shule yetu ni ya watu wa karibu. Ukitoka langoni ukamchotea maji mzee yeyote wa Kapseret, umemchotea nyanya au babu ya mtu fulani aliyekaa darasani. Sisi hatukuwa tumelipigia hesabu jambo hilo. Kiprop pia hakuwa amelipigia, ingawa nyanya yake mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza. Wengine walikuwa wakilijua kimyakimya na kuliona haya, maana si jambo la kujivunia watu wengine kumpukuchulia nyanya yako mahindi.

Wa kwanza kutoka alikuwa Kipyego. Mpiga debe mkuu, yule wa githeri. Alitoka karibu na mbele kabisa, akavua kofia, akamwambia Kiprop neno ambalo hatukulisikia. Kisha akashuka, na alipofika kwetu alisema akiangalia chini, "Hata kwa babu yangu mlikuja. Mlimpasulia kuni zikajaa store. Mi nilikuwa training."

"Pita nyuma," nikamwambia. "Na usisukume Kogo."

Alitembea, lakini waliomfuata hawakutembea. Wale wenzake wa timu ya mbio walipomwona ameenda, wakatoka mbio, na kwetu mtu akianza kukimbia wengine hawaulizi kuna nini. Foleni ya Kiprop ikakatika katikati. Wasichana wa bweni langu, wale walioniapia gizani, wakaja wakikimbia wakiwa wameshika sketi. Kidato cha kwanza kikaja chote kama kondoo, wengine nadhani bila kujua ni kwa nini. Isaiah alikuja mwishomwisho, macho mekundu, akasimama nyuma ya watu wote bila kumtazama mtu. Foleni yetu ikafika goli la chini, ikapinda, ikarudi, ikafika kwenye nyaya za ua. Wangari alikuwa bado ameangalia mbele, kwa sababu mgombea haruhusiwi kugeuka, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila kuyapangusa.

"Jebet, kuna nini huko nyuma? Niambie."

"Kuna vumbi," nikamwambia. "Vumbi tupu, dada yangu. Wanakuja."

Filimbi ya pili ikalia. Mwalimu Okeyo akahesabu foleni ya juu kuanzia mbele, halafu akaihesabu kuanzia nyuma, kwa sababu hamwamini mtu, hata yeye mwenyewe. Akashuka akahesabu yetu vivyo hivyo. Alipomfikia Kogo akamruka kwa adabu, akiinamisha kichwa. Kisha akarudi katikati, akamwita Wangari, akaushika mkono wake akauinua juu. Akasema tumewazidi kwa darasa zima na wengine wa kubaki. Nilimwona Mwalimu Okeyo akitabasamu. Nina hakika, hata kama yeye anakataa.

Kelele iliyotoka hapo sijawahi kuisikia shuleni kwetu, hata siku tulipopata basi jipya. Watu walipiga vigelegele, ndoo zikagongwa, viti vya plastiki vikaanguka. Kipyego na Isaiah wakamnyanyua Wangari mabegani, na mimi nilikuwa nikiruka na kulia na kumpiga Lynette mgongoni.

Ndipo nikamwona Mzee Kabiru.

Aliingia langoni mbio, koti la dukani likipepea, na mkononi amekamata spana ya kufungulia magurudumu. Mlinzi alikuwa nyuma yake akimwita. Sitasahau uso wake. Mtu yule alikuwa ameketi nje akisikia kimya, halafu akasikia umati ukipiga kelele mahali binti yake alipo, na kwake yeye kelele kama hiyo ilikuwa na maana moja tu. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto wake akiwa hai. Aliona vijana wamemshika, wamemwinua juu, na akasimama mbele yao akihema.

"Mshusheni," akasema. "Nawaomba, mshusheni."

Watu wakanyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Wangari akamwona kutoka kule juu.

"Baba," akasema, "nimeshinda."

Mzee Kabiru hakuelewa. Alimtazama Kipyego, akamtazama Isaiah, mtoto wa kinyozi anayemjua, akatazama ule umati wote uliojaa goli la chini mpaka kwenye ua. Spana ikashuka taratibu mpaka ikaning'inia kando ya mguu wake.

Kogo alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwa binti yake, akitaka kibuyu. Senge, aliyekuwa ameshuka kutoka hemani kumfuata, alikuwa amekikumbatia kifuani.

"Mama, hii ni ya Kiprop," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Hapo nilimhurumia, Mungu anajua, ule mfupa wa Krismasi nikausamehe kabla haujapakuliwa.

"Maziwa ni ya ng'ombe wangu," Kogo akasema. "Yanamngoja aliyeshinda."

Kiprop ndiye aliyemaliza. Alikuja na ile miguu yake mirefu, akakitoa kibuyu mikononi mwa mama yake kwa upole, akavuka mpaka alipokuwa Wangari, ambaye walikuwa wamemshusha. Hakutabasamu safari hii. Alionekana mkubwa kidogo.

"Mtu akinipita kwa laini ya mwisho, huwa nampa mkono," akasema. "Shika, Presida. Na Jumamosi niambieni mnatoka saa ngapi. Kwa Kogo mimi ndiye nitapasua kuni."

Wangari akanywa. Mursik ya Kogo ni kali, na mkaa wake unaukuta mpaka kwenye jino la mwisho. Akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa, watu wakacheka, akanywa tena, na akashusha kibuyu akiwa na masharubu ya kijivu. Kogo akauliza kama huyu mwenye spana ndiye baba. Nikamwambia ndiye. Akachukua kibuyu, akampelekea yeye mwenyewe.

"Anasema unywe," nikamtafsiria. "Anasema Cherono ana baba, na baba wa mshindi hasimami kavu."

Mzee Kabiru alikunywa akiwa ameshika spana kwa mkono wa pili. Alipomaliza akamgeukia Mwalimu Okeyo, midomo ikiwa ya kijivu kwa maziwa.

"Mwalimu, hawa wote walikuwa nyuma yake?"

"Nimewahesabu mara mbili, Mzee."

"Mara mbili," Mzee Kabiru akasema. Akatikisa kichwa, akatazama chini. Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

Mlinzi wa lango akajipenyeza kati ya watu. "Mzee, ile gari yako huko nje bado inanguruma. Utamaliza mafuta bure."

Mzee Kabiru akatazama upande wa lango, kama mtu aliyekumbushwa jambo la zamani sana. Akanipa mimi ile spana nimshikie, akatoka polepole. Wimbo ulikuwa umeanza, lakini mimi sikuimba. Nilikuwa nikisikiliza. Injini ikazimika. Nikangoja kidogo, macho langoni, mpaka nikamwona anarudi, funguo mkononi. Akaja mpaka hemani, akaokota kiti kimoja kati ya vile vilivyoanguka, akakifuta kwa mkono, akaketi kati ya Kogo na senge wangu.